Mandhari na Mtazamaji Wake: Uchoraji wa Sura ya Nchi katika Karne ya 19 na Kufika Kwake Katanga

Anayetoka Lubumbashi kuelekea kaskazini hufika Kinsevere baada ya kilomita zipatazo 30. Nchi ya huko ni nchi ya miombo na ya vichuguu vikubwa vilivyosimama kati ya miti kama nyumba. Ndani ya pori hilo, tangu zamani, palijulikana vilima vilivyo wazi, visivyo na mti mkubwa hata mmoja, vimefunikwa nyasi fupi na mimea midogo yenye maua. Mgeni akiviona hudhani kwamba miti ilikatwa au kwamba moto ulipita. Sivyo. Udongo wa vilima hivyo una shaba nyingi kiasi kwamba miti ya kawaida haiwezi kuota humo, na mimea iliyozoea sumu hiyo ndiyo inayobaki. Mmoja wao ni Haumaniastrum katangense, ambao wanabotania wameuita ua la shaba. Mmea huo huota hata mahali palipokuwa na tanuri za kale za kuyeyushia madini, na kwa sababu hiyo umewasaidia waakiolojia kuzigundua tanuri zilizokwisha kufunikwa na udongo.

Kwa mfua shaba wa zamani, basi, kilima kitupu kilikuwa habari. Alikisoma kama vile mvuvi anavyosoma rangi ya maji. Jambo hili yafaa litangulizwe, kwani mara nyingi husemwa kwamba kuitazama nchi kwa makini ni desturi iliyoletwa Afrika na wachoraji wa Ulaya. Kutazama kulikuwako. Kilicholetwa mwishoni mwa karne ya 19 ni namna moja ya kutazama, pamoja na karatasi ya kuiwekea. Makala haya yanachunguza namna hiyo ilikokuwa imetoka, iliingiaje Katanga, na ilimtumikia nani.

Neno lenyewe linastahili kuangaliwa kwanza. Kiswahili sanifu husema mandhari, neno la asili ya Kiarabu lililotokana na shina lenye maana ya kutazama. Mandhari kwa hiyo ni kile kinachotazamwa, na ndani ya neno lenyewe amefichwa mtazamaji. Lugha za Ulaya zilianzia upande mwingine. Kiholanzi kilikuwa na landschap, neno lililomaanisha eneo la ardhi, wilaya, kabla ya kuwa jina la picha. Na Kifaransa kiliunda paysage kutokana na pays, yaani nchi. Huko ardhi ilitangulia na jicho likafuata. Katika Kiswahili cha Lubumbashi neno mandhari halisikiki sana nje ya darasa: watu husema pori, mlima, nchi, na picha ya vitu hivyo huitwa kwa neno la Kifaransa. Tofauti hii si ya msamiati tu. Nchi ina wenyewe, pori lina wawindaji wake na mizimu yake. Lakini mandhari inahitaji mtu aliyesimama mahali fulani, kwa kawaida pa juu, ambaye si lazima awe mwenyeji.

Katika Ulaya yenyewe uchoraji wa mandhari ulikuwa kwa muda mrefu kazi ya daraja la chini. Vyuo vya sanaa viliweka juu picha za historia, za dini na za visasili. Miti na milima ilikuwa pazia la nyuma, mahali pa kuwasimamisha mashujaa. Mabadiliko ya karne ya 19 yalianza polepole. Huko Ufaransa, ambako Pierre-Henri de Valenciennes alikuwa amewafundisha wanafunzi wake kuchora nje, mbele ya vitu vyenyewe, mwaka 1817 ilitolewa kwa mara ya kwanza tuzo ya Roma kwa mandhari. Lakini ilikuwa ni mandhari ya kihistoria: shujaa bado alitakiwa, hata akiwa mdogo kama sisimizi chini ya mwaloni. Mwaka 1824 Mwingereza John Constable alionyesha mjini Paris picha yake ya gari la nyasi likivuka maji, akapewa nishani ya dhahabu. Katika picha ile hamkuwa na shujaa wala mungu. Palikuwa na gari, mbwa, mto, na mawingu yaliyochorwa na mtu aliyejua mvua inatoka upande gani.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio zaidi, na si kwa sababu ya fikra peke yake. Mwaka 1841 John Goffe Rand, mchoraji Mmarekani aliyekuwa London, alipata hakimiliki ya mrija wa bati wa kutilia rangi ya mafuta. Kabla ya hapo rangi ilifungwa katika vibofu vya nguruwe, ikapasuka au kukauka njiani. Mrija uliweza kutiwa mfukoni. Reli nayo iliwatoa wachoraji mijini asubuhi na kuwarudisha jioni. Kijiji cha Barbizon, kando ya msitu wa Fontainebleau, kilijaa wachoraji, wakiwamo Théodore Rousseau na Jean-François Millet. Camille Corot naye aliuzoea msitu ule tangu ujana wake. Walichora miti kama watu wengine wanavyochora wazee wao.

Msitu ule una kisa ambacho msomaji wa Katanga hatakiwi kukipita haraka. Wakata miti wa serikali walipoanza kuangusha mialoni ya kale na kupanda misonobari mahali pake, Rousseau aliandika malalamiko kwa watawala mwaka 1852, na wachoraji wenzake wakapiga kelele pamoja naye. Mwaka 1861 amri ya serikali ilitenga zaidi ya hekta 1,000 za msitu zisiguswe, na sababu iliyotajwa ilikuwa ya kisanaa. Kwa maneno mengine, ardhi iliachwa kama ilivyo kwa kuwa ilikuwa imechorwa. Mchoro ulikuwa ngao. Ni vigumu kukisoma kisa hicho mjini Lubumbashi bila kufikiria mfuatano wa mambo uliotokea huku, ambako mchoro ulitangulia na shoka likafuata.

Ubelgiji haikubaki nyuma. Hippolyte Boulenger, aliyezaliwa mwaka 1837, alihamia katika kijiji cha Tervuren, karibu na Brussels, mwaka 1864. Miaka miwili baadaye, katika maonyesho ya Brussels, alijitambulisha kuwa mwanafunzi wa shule ya Tervuren. Shule hiyo haikuwa na jengo wala mwalimu. Ilikuwa ni msitu, njia zenye matope, na marafiki wachache waliokataa kuchora ndani ya vyumba. Jina likakaa. Mwaka 1872 Boulenger alipata nishani ya dhahabu kwa picha ya njia ya miti ya Tervuren, na mwaka 1874 akafariki akiwa na umri wa miaka 36 tu. Historia ya sanaa ya Ubelgiji inamhesabu kuwa mmoja wa wale waliowafundisha Wabelgiji kuipenda ardhi yao wenyewe kwa macho.

Miaka 23 baada ya kifo chake, Tervuren ile ile ilichaguliwa na Mfalme Leopold II kuwa mahali pa maonyesho ya Dola Huru ya Kongo. Mwaka 1897 Wakongo 267 walisafirishwa kwenda kuonyeshwa Ubelgiji. Vilijengwa vijiji vya maonyesho kando ya maji ya bustani, na watazamaji wakapita kuwaangalia. Saba kati yao walifariki huko, na makaburi yao yako kando ya kanisa la Tervuren. Kutokana na maonyesho hayo lilizaliwa jumba la makumbusho la Kongo. Kijiji ambacho mandhari ya Ubelgiji ilipatia jina lake kikawa ghala la mandhari ya Kongo. Wanahistoria wa sanaa husimulia Tervuren ya kwanza, wanahistoria wa ukoloni husimulia ya pili, na nadra kuwakuta wakikaa meza moja. Lakini umbali kati ya hizo mbili ni mwendo wa miguu.

Katika Afrika ya kati mchoraji wa mandhari alikuwa amekwisha kuonekana kabla ya hapo, akifuatana na wapelelezi. Thomas Baines, Mwingereza aliyezaliwa King's Lynn mwaka 1820, aliajiriwa mwaka 1858 katika msafara wa Livingstone wa mto Zambezi kama mchoraji na mtunza bohari. Mwaka uliofuata alifukuzwa. Hakukata tamaa: mwaka 1862 alifika pamoja na James Chapman penye maporomoko ambayo wenyeji huyaita Mosi-oa-Tunya, yaani moshi unaonguruma, akayachora kwa siku kadhaa. Chapman alikuwa na kamera. Alijaribu kuyapiga picha maporomoko yale, akashindwa. Baines na brashi yake akafaulu, na mwaka 1865 albamu ya picha zake ilichapishwa London kwa rangi. Shindano hilo dogo kati ya kamera na brashi lilitabiri kazi ambayo mchoraji angepewa Katanga zaidi ya miaka 30 baadaye.

Katanga ya wakati huo haikuwa pori lisilo na mwenyewe. Msiri, aliyetoka katika nchi ya Wanyamwezi, alikuwa amejenga himaya ya Wayeke yenye makao makuu Bunkeya, ikiishi kwa shaba, chumvi, pembe za ndovu na watumwa, na ikifungamana na njia za pwani zote mbili. Kiswahili kilikuwa lugha ya misafara iliyotoka mashariki. Tarehe 20 Desemba 1891 Msiri aliuawa kwa risasi na mtu wa msafara wa Kapteni Stairs, uliotumwa kwa ajili ya Leopold. Mwaka 1892 mwanajiolojia Jules Cornet, wa msafara wa Bia na Francqui, alipita akavikagua vilima vya shaba. Vile vilima vitupu vilivyotajwa mwanzoni mwa makala haya vikaingia katika daftari la Ulaya.

Ndipo ulipofika mwaka 1898 msafara wa kisayansi wa Katanga, ukiongozwa na Kapteni Charles Lemaire. Ulipita njia ya Zambezi na Ziwa Nyasa hadi Ziwa Tanganyika, ukaivuka Katanga na kurudi Ulaya mwaka 1900. Kazi yake kubwa ilikuwa vipimo: kujua kwa hesabu za nyota kila mahali pako wapi. Ulianza kwa msiba, kwani mwanajiolojia wake, Jean De Windt, alikufa maji katika Ziwa Tanganyika mwaka huo huo wa 1898. Miongoni mwa wengine alikuwamo mpiga picha, François Michel, na pamoja naye mchoraji, Léon Dardenne, aliyezaliwa mwaka 1865.

Swali linajitokeza lenyewe: msafara wenye kamera nzuri na mpiga picha stadi ulikuwa na haja gani ya mchoraji? Jibu ni rangi. Picha za kamera za wakati huo zilikuwa nyeusi na nyeupe. Bamba la kwanza la rangi lililouzwa madukani, lile la ndugu Lumière, lilitoka mwaka 1907. Na Katanga bila rangi si Katanga. Mnamo Septemba na Oktoba, kabla ya mvua, miombo huchipua majani mekundu ya shaba na ya kahawia, hata mgeni anayetoka nchi ya masika ya kijani hudhani kwamba majani yanakufa kumbe yanazaliwa. Samaki akitolewa majini hupoteza rangi yake kwa muda mfupi. Jiwe la malakiti, likipigwa picha isiyo na rangi, halitofautiani na jiwe lolote lile. Dardenne alichora kwa rangi za maji, ambazo hukauka upesi na hazihitaji mzigo mkubwa, akatoa mamia ya picha: watu, mimea, wanyama, samaki, na mandhari za ziwa, za mito na za milima.

Yapo ya kumsifu. Rangi za maji hazimsamehe mtu. Zikikosewa hazifutiki, na anayefanya kazi chini ya jua la Katanga hana dakika nyingi kabla karatasi haijakauka. Aliyezoea kuona nchi hii katika vitabu vya zamani kwa rangi ya majivu hushangaa kuona kwamba mwaka 1899 anga lilikuwa la buluu. Hata hivyo haifai kusahau kwamba Dardenne hakuwa Boulenger. Boulenger alikuwa amechagua njia yake ya matope mwenyewe, akairudia mwaka baada ya mwaka mpaka akaijua. Mchoraji wa msafara husimama pale msafara unaposimama, na kesho yake huondoka. Picha zake zilikuwa sehemu ya orodha, pamoja na urefu wa milima, joto la maji na majina ya mimea. Ustadi aliourithi ni ule ule wa Barbizon na Tervuren: kuchora nje, kuheshimu mwanga, kutomtafuta shujaa. Lakini ustadi huo ulikuwa umezaliwa kwa watu waliotaka ardhi iachwe. Hapa ulitumiwa na Dola iliyotaka kujua ardhi ina nini.

Tarehe zinasema zaidi. Mwaka ule ule wa 1900, msafara uliporudi, iliundwa Kamati Maalumu ya Katanga, ambamo Dola ilikuwa na theluthi mbili na Kampuni ya Katanga theluthi moja, ili kuitawala na kuinufaikia nchi hiyo. Mwaka 1906 iliundwa Union Minière du Haut-Katanga. Reli kutoka kusini iliufikia mji mpya wa Élisabethville mwaka 1910, na mwaka 1911 tanuri za mji huo zikatoa shaba ya kwanza. Mwaka 1912 Dardenne akafariki. Haisemwi kwamba michoro ndiyo iliyoleta migodi. Ripoti za wanajiolojia zilitosha. Inasemwa tu kwamba mandhari ya kwanza ya Katanga katika rangi ilichorwa katika muda mfupi sana, kati ya kuuawa kwa mwenye nchi na kufika kwa gari moshi, na kwamba utulivu unaoonekana katika picha za namna hiyo ni utulivu wa muda huo.

Wachoraji wa Kikongo walipoanza kutumia karatasi, hawakuufuata mpangilio huo. Mwaka 1926, huko Bukama, mtumishi wa serikali ya kikoloni Georges Thiry aliona kuta za nyumba zilizopambwa kwa michoro, akampa Albert Lubaki karatasi na rangi. Kazi za Lubaki zilionyeshwa Brussels mwaka 1929 na Geneva mwaka 1930. Ndani yake wanyama, watu na michikichi husimama juu ya weupe wa karatasi, na upeo wa macho haupo. Vivyo hivyo katika karakana iliyofunguliwa Élisabethville mwaka 1946 na Pierre Romain-Desfossés, ile iliyoitwa Hangar. Pilipili Mulongoy alijaza picha nzima kwa majani, ndege, samaki na nukta, bila kuacha mahali pa anga. Mwenze Kibwanga alifanya hivyo kwa mistari mifupi ya rangi, na Bela Sara kwa ncha za vidole vyake. Husemwa kwamba huo ni urembo tu. Lakini picha isiyo na upeo haina pia mahali pa juu pa kusimamia. Anayeitazama hayuko kilimani akipima bonde. Yumo majanini pamoja na ndege. Pori limechorwa kama lilivyo kwa mtu aliye ndani yake, na hiyo ni nchi zaidi kuliko mandhari.

Upeo ulirudi baadaye, kwa mikono mingine. Katika miaka ya 1970 nyumba nyingi za wafanyakazi wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi zilikuwa na picha sebuleni, zilizochorwa mara nyingi juu ya kitambaa cha magunia ya unga. Miongoni mwa aina zilizopendwa ilikuwamo mandhari ya kijiji: maji, mitende, nyumba za nyasi, jua linalotua. Walioinunua walikuwa watu wa kambi za migodi, na wengi wao au wazazi wao walikuwa wametoka vijijini. Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa Élisabethville mwaka 1947, alichora hizo pia ili apate kula; lakini mwaka 1973 na 1974 alimchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian mfululizo wa picha zipatazo 100 za historia ya nchi, akizieleza kwa Kiswahili cha Shaba. Humo mandhari si pazia la nyuma tena. Bomba la moshi la Union Minière na kilima cheusi cha takataka za tanuri ni alama zinazotambulisha mji, kama vile kanisa linavyotambulisha kijiji cha Ulaya. Kilima hicho kimeundwa na yale tu yaliyobaki baada ya vilima vingine kuyeyushwa. Neno ambalo watu wa Shaba walilitumia kwa picha za namna hiyo ni ukumbusho, na kama tafsiri ya paysage lina haki kuliko mandhari, kwa kuwa linamtaja anayekumbuka badala ya anayepita.

Kinsevere nayo ilifikiwa. Uchimbaji wa kisasa ulianza huko mwaka 2007, na tangu mwaka 2012 mgodi uko mikononi mwa kampuni ya MMG. Mahali pa vilima pamekuwa mashimo yenye ngazi, na shaba hutolewa kwa asidi na umeme bila moshi wa tanuri. Mtaalamu wa mimea anayetaka kujua kilima cha shaba kilikuwa na sura gani kabla ya kuchimbwa hulazimika kuunganisha vipande: sampuli zilizokaushwa, kumbukumbu za wazee, picha za kamera, na michoro.

Februari 2022 serikali ya Ubelgiji ilimkabidhi Waziri Mkuu wa Kongo orodha ya vitu vipatavyo 84,000 vya asili ya Kongo vilivyomo katika makumbusho ya Tervuren. Mjadala uliofuata ulihusu hasa vinyago, sanamu na vifaa vilivyochukuliwa kutoka kwa wenyewe. Mchoro wa mtumishi wa Dola haukuchukuliwa kutoka kwa mtu; karatasi ilikuwa yake, brashi ilikuwa yake. Kilichokuwa cha wengine ni kile alichokitazama, na sheria haina jina la kitu hicho. Mwanafunzi wa Lubumbashi anayetaka kuona rangi za nchi yake kama zilivyokuwa mwaka 1899 anahitaji viza, au nakala. Picha zenyewe zimelala katika makabati ya makumbusho, na nje ya kuta zake kuna njia ya miti inayoingia katika msitu aliouchora Boulenger.